6 Minute English ya BBC: Mada Moja kwa Wiki kwa Anayetaka Kuzungumza Kiingereza

Kati ya huduma za bure za kujifunzia Kiingereza ambazo mtu mwenye simu ya kawaida na bando dogo anaweza kuzitegemea, sijapata inayofaa kuendeshea mazungumzo ya kikundi kuliko 6 Minute English, kipindi cha kila wiki cha BBC Learning English. Nayasema haya nikitambua kwamba kipindi chenyewe kimetengenezwa ili kisikilizwe, na kwamba mtu anaweza kukifuatilia mwaka mzima akiwa peke yake chumbani, akakielewa vizuri, na bado akashikwa na kigugumizi siku mgeni anapomwuliza swali la kawaida kaunta. Faida yake kwa anayetaka kuzungumza huja katika siku zinazofuata zile dakika sita, iwapo mada ya wiki itachukuliwa na watu kadhaa wakaigeuza kuwa maongezi yao wenyewe. Tathmini hii imetokana na kukitumia kwa namna hiyo, katika kikundi cha watu wazima kinachokutana Temeke, Dar es Salaam, Jumamosi jioni.

BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, na hadi leo kazi hiyo iko chini ya Idhaa yake ya Dunia. 6 Minute English ni kimoja tu kati ya vipindi vyake vingi, na hutoka kila Alhamisi. Muundo wake haubadiliki sana, jambo ambalo ni msaada kwa mwanafunzi, kwa sababu akishazoea vipindi viwili vitatu hahitaji tena kuhangaika kujua kinachoendelea. Akili yake yote inabaki kwenye lugha. Watangazaji wawili husalimia, hutaja mada, na kusemezana kidogo kuhusu namna kila mmoja anavyoiona. Kisha mmoja humwuliza mwenzake swali lenye majibu matatu ya kuchagua, mwenzake hukisia, na jibu sahihi huwekwa kiporo hadi mwishoni. Katikati huingizwa vipande vya sauti kutoka vipindi vingine vya BBC, ambamo mtaalamu au mtu aliyeguswa na jambo hilo huzungumza Kiingereza chake cha kila siku, na watangazaji husimama kueleza maneno magumu aliyoyatumia. Kabla ya kuagana, maneno sita ya siku hiyo hurudiwa moja moja. Kwenye ukurasa wa kipindi kuna maandishi ya mazungumzo yote pamoja na maneno hayo na maana zake, na kwa vipindi vya miaka ya karibuni kuna pia karatasi ya mazoezi na chemshabongo ya mtandaoni.

Lile swali la mwanzo ndilo lililonifanya niamini kwamba kipindi hiki kinaweza kubebeshwa kazi ambayo hakikuundiwa. Sisi husimamisha sauti mara tu swali linapomalizika, na kila ambaye hakupata nafasi ya kukisikiliza nyumbani hutakiwa kuchagua jibu na kutoa sababu. Kwa kuwa kati yao hakuna anayejua jibu, hata yule aliyesoma zaidi, aliyemaliza kidato cha nne anakuwa sawa na mwenye diploma, na aibu inayowafunga watu midomo hupungua sana. Mtu anaanza na sentensi fupi ya kusema anadhani jibu ni la pili, halafu anaulizwa kwa nini, na hapo ndipo analazimika kuunganisha wazo moja na jingine. Nimemwona dada mmoja, ambaye kwa majuma alikuwa akikaa karibu na mlango na kutikisa kichwa tu, akitetea jibu lake dhidi ya wanaume watatu kwa sababu lilihusu bei za vyakula na yeye ni mfanyabiashara wa nafaka. Hakuna aliyemwambia ajitahidi kuongea. Swali lilimgusa mahali anapojua.

Kuhusu maneno sita, uteuzi wake hauna uzito sawa kila wiki. Baadhi ni maneno ambayo mtu atayakuta tena kazini, katika barua pepe au kwenye taarifa ya habari, na hayo yanastahili kuandikwa katika daftari na kutumiwa hadi yazoeleke. Mengine ni misemo ya mtaani ya Uingereza ambayo ni nadra kusikika katika Kiingereza kinachozungumzwa Nairobi, Kampala au Lusaka, na mwanafunzi akiikariri kwa bidii ile ile anajitwisha mzigo asioutumia. Ushauri wangu ni kwamba kikundi kisikilize maneno yote sita, kisha kichague matatu tu ya kufanyia kazi wiki nzima, na uchaguzi huo ufanywe na wanakikundi wenyewe kwa kujiuliza ni nani atahitaji neno lipi kabla ya Jumamosi ijayo. Neno lililochaguliwa kwa hitaji hukaa. Lililopokewa kwa sababu limo kwenye orodha husahaulika kabla ya siku mbili.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu wanafunzi wa Tanzania, kwa sababu bila hilo ni vigumu kueleza kwa nini kusikiliza peke yake hakutoshi. Watoto wengi wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanapoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa kwa Kiingereza. Kwa miaka minne wanasikiliza Kiingereza cha mwalimu, wananakili kutoka ubaoni, wanajibu mitihani kwa maandishi, na mara nyingi nafasi ya kufungua kinywa na kusema wazo lao kwa lugha hiyo haipatikani kabisa. Wanatoka wakiwa na msamiati mwingi kuliko wanavyodhani. Ninapokutana na kijana anayejiita mtu wa Kiingereza cha kuombea maji, kisha nikampa maandishi ya kipindi hiki asome, mara nyingi anaelewa sehemu kubwa ya ukurasa. Maneno anayo, kinachokosekana ni mazoea ya kuyatoa kwa wakati, kwa mpangilio, mbele ya mtu anayesubiri.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1985 mtaalamu wa lugha wa Kanada, Merrill Swain, aliandika kuhusu watoto wa nchi hiyo wenye lugha mama ya Kiingereza waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Baada ya miaka mingi darasani walikuwa wakikielewa Kifaransa vizuri sana, lakini walipozungumza au kuandika sarufi yao ilikuwa na mapengo ambayo kusikiliza hakukuyaziba. Hoja yake ilikuwa kwamba anayesikiliza anaweza kupata maana kwa kushika maneno machache na kukisia yaliyobaki, lakini anayesema hana pa kujificha: lazima achague nyakati, apange maneno, na agundue mwenyewe pale asipojua. Nimeisoma hoja hiyo nikiwafikiria wanafunzi wetu wa sekondari, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kipindi hiki, pamoja na uzuri wake wote, kikitumika kwa kusikiliza tu kitaendeleza kile ambacho tayari tunacho na kukiacha palepale kile tunachokosa.

Namna tunavyokitumia ni rahisi kueleza. Kila mtu husikiliza nyumbani mara moja bila maandishi, halafu mara ya pili akiwa na maandishi, kati ya Alhamisi jioni na Jumamosi mchana. Tukikutana tunakisikiliza tena pamoja kwa spika ndogo, tunalijadili swali kwa waliokosa nafasi ya kusikiliza, kisha maandishi yanafungwa na hayafunguliwi tena. Kuyafunga ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu karatasi ikiwa mezani watu husoma badala ya kuzungumza. Baada ya hapo tunatumia zoezi ambalo Paul Nation, mwalimu wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, amelieneza sana kati ya walimu wa lugha: mtu anazungumza juu ya jambo moja kwa dakika 4 mbele ya msikilizaji mmoja, anabadilisha msikilizaji na kusema yale yale kwa dakika 3, kisha anabadilisha tena na kuyasema kwa dakika 2. Msikilizaji hamkatizi wala hamsahihishi. Mzungumzaji halazimiki kutafuta jambo jipya kila mara, kwa hiyo nguvu aliyokuwa akiitumia kutafuta la kusema inahamia kwenye namna ya kulisema.

Jioni moja mada ilikuwa usingizi. Mmoja wetu ni dereva wa malori ya mizigo yanayotoka bandarini kwenda Zambia kupitia Tunduma, na Kiingereza anakihitaji kweli kweli, kwa kuwa akishavuka kwenda Nakonde ndiyo lugha ya maofisa, ya karatasi na mara nyingi ya fundi atakayemtengenezea gari. Katika zile dakika 4 za kwanza alisimulia usiku wa kupanda mlima Kitonga huku macho yakimwelemea. Alisimama mara nyingi, alitafuta neno la kusinzia na kulikosa, akalieleza kwa kuangusha kichwa, na msaidizi wake, utingo, ambaye ni mwanamume, alikuwa “she” kuanzia mwanzo wa safari hadi Makambako. Katika dakika 3 za pili alilikumbuka neno la kusinzia kutoka kwenye kipindi na kulitumia mahali pake. Katika dakika 2 za mwisho habari ilikuwa na mwanzo, kiini na mwisho. Alieleza kwamba walikubaliana na utingo wake kuegesha gari, wakalala hadi alfajiri, na kwamba tajiri alikasirika kwa kuchelewa lakini hakuwa yeye aliyekuwa akiendesha. Muuguzi aliyekuwa akimsikiliza, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka zamu ya usiku, alimwambia kwa Kiingereza, “You were right, my brother. In the ward, when we are tired, we make mistakes also.” Kutoka hapo mazungumzo hayakuhitaji tena kusukumwa na mtu. Yalihama kutoka kwa wataalamu wa London yakawa ya watu wawili wanaojua maana ya kukesha kazini.

Huyo “she” wa utingo nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu anaonyesha mahali ambapo kipindi hiki hakiwezi kumsaidia Mswahili. Kimeandaliwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, kwa hiyo hakigusi makosa yanayotokana na lugha yetu. Sisi tunasema “anakuja” bila kujali kama ni mwanamume au mwanamke, na kuchagua kati ya “he” na “she” katikati ya masimulizi ya haraka hutushinda hata baada ya miaka. Vilevile silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na konsonanti zinazofuatana mwishoni mwa neno la Kiingereza huwa tunaziongezea irabu au kuzimeza, hivi kwamba wakati uliopita unapotea sikioni kwa msikilizaji ingawa mzungumzaji anaujua. Kwa sababu hiyo tunateua mtu mmoja kila Jumamosi awe wa kuandika makosa, bila kutaja aliyeyafanya, na robo saa ya mwisho inatumika kwa makosa mawili tu yaliyojirudia zaidi. Kwa upande wa matamshi, BBC Learning English hiyo hiyo ina mfululizo wa video fupi uitwao Tim's Pronunciation Workshop, unaoeleza jinsi sauti zinavyoungana na kumezwa katika Kiingereza cha haraka, na naushauri kwa anayelalamika kwamba anayajua maneno yote yakiandikwa lakini hayasikii yakisemwa.

Lawama yangu kubwa kwa kipindi ni kwamba mada zake mara nyingi zinatazama maisha kutoka dirisha la Uingereza. Hilo si kosa la watengenezaji, kwani kinatengenezwa huko, lakini kiongozi wa kikundi asipolifanyia kazi, wanakikundi watabaki wageni katika mazungumzo yao wenyewe. Chukua mada ya upweke, ambayo Waingereza wanaizungumza sana, hata serikali yao ikamteua waziri wa kushughulikia jambo hilo Januari 2018. Ukiwauliza watu wa Temeke kama wanaona upweke ni tatizo la jamii, jibu la kwanza litakuwa kwamba sisi tuna ndugu na majirani, upweke ni wa Wazungu, na maongezi yatakufa hapo. Sisi tuliliacha swali la watangazaji na kuuliza jingine: wiki ya kwanza ulipohamia mjini na kupanga chumba peke yako, ulikula na nani? Msichana aliyetoka Songea kuja kufanya kazi dukani alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, akaeleza jinsi alivyokuwa akipiga simu nyumbani kila jioni hadi salio likawa linamalizika kabla ya mshahara. Walipomsikia, wale waliokuwa wamesema upweke ni wa Wazungu walirudi kwenye mada wakiwa na mengi ya kusema. Maneno ya kipindi yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kuyatumia.

Kwa hiyo kazi ya kiongozi, na nadhani ni kazi ya saa nzima kabla ya kikao, ni kutunga maswali manne au matano yanayoihamishia mada mtaani kwao. Maswali ya ndiyo na hapana hayafai. Yanayofaa zaidi ni yale yanayoomba kisa kilichompata mtu, kwa sababu kisa kina mpangilio wake wa wakati na kinamsukuma mzungumzaji hadi mwisho, na yale yanayoomba ulinganisho wa zamani na sasa, ambayo huwalazimisha watu kutumia nyakati za vitenzi bila kuhubiriwa sarufi. Maswali ya maoni makubwa makubwa, kwa mfano kama teknolojia ni nzuri au mbaya, huleta hotuba za kukariri tulizozoea katika midahalo ya shule, na nayaepuka.

Kuhusu kiwango, BBC yenyewe inakiweka kipindi hiki katika ngazi ya kati, na ninakubaliana nayo. Anayeanza kabisa atapotea, hasa kwenye vipande vya wataalamu ambavyo havikupunguzwa kasi. Kwa watu wa aina hiyo, kwa miongo mingi jibu lilikuwa kipindi cha Sauti ya Amerika, kilichoanza Oktoba 1959 kwa jina la Special English, kikisoma habari polepole kwa msamiati wa maneno 1,500 hivi; wazee wengi wa rika la baba yangu walijifunza kusikiliza Kiingereza kupitia hicho kwenye redio za mawimbi mafupi. Kazi za Sauti ya Amerika zilisimamishwa kwa amri ya serikali ya Marekani Machi 2025, na wanafunzi wa ngazi ya chini walipoteza kitu ambacho sijaona kilichojaza nafasi yake sawasawa. Kwa sasa ninawaelekeza kwenye tovuti ya LearnEnglish ya British Council, ambayo imepanga masomo yake kwa ngazi kuanzia A1, yaani ile ya anayeanza, na ambapo mtu anaweza kusikiliza mazungumzo mafupi ya kuagiza chakula au kuuliza njia kabla hajajaribu mada za majadiliano. Masomo ya British Council yamepangwa vizuri zaidi kwa anayetaka kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Kinachoyapungukia, kwa matumizi yetu, ni ule utamu wa jambo jipya linalotoka siku ile ile kwa kila mtu, ambao huwafanya wanakikundi watumiane ujumbe Ijumaa kuulizana kama wameshasikiliza.

Watangazaji wenyewe wana sauti safi na hawakimbii. Mazungumzo yao yameandikwa kabla, na inasikika hivyo, kwa kuwa hakuna anayemkata mwenzake, hakuna anayeanza sentensi na kuiacha njiani. Mwanafunzi anayedhani kwamba Waingereza huzungumza hivyo kila siku atashangaa akikutana nao. Pia lafudhi zinazotawala ni za Uingereza, ingawa vipande vya wataalamu huleta sauti za nchi nyingine mara kwa mara. Dereva wetu atazungumza na Wazambia, muuguzi anaomba kazi nchi za Ghuba ambako wenzake watakuwa Wahindi na Wafilipino, na mimi ninashughulika na wateja wa Kenya na Uganda. Tunahitaji masikio yaliyozoea Kiingereza cha watu wengi, na hilo inabidi tulitafute kwingine. Kila mwezi tunaacha wiki moja bila kipindi, tunasikiliza taarifa ya habari ya kituo cha Kenya au Zambia badala yake.

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, wataona mapema jinsi utaratibu wa mada unavyowafaa. Sehemu ya kuzungumza ya mtihani huo huchukua dakika 11 hadi 14 na ina hatua tatu: maswali mafupi kuhusu maisha ya mtahiniwa, kisha kadi yenye mada moja ambayo hupewa dakika 1 ya kujiandaa na kuizungumzia kwa dakika 1 hadi 2, na mwisho majadiliano mapana yanayotokana na mada hiyo hiyo. Mtu aliyezoea kuchukua jambo moja la wiki, akalisimulia kwa dakika 2 bila kusoma popote na kisha akaulizwa maswali juu yake, anakuwa amefanya mazoezi ya umbo lile lile la mtihani, tena bila kulipa ada ya kozi. Hata hivyo ninawaonya wasikariri majibu. Watahini wamefunzwa kulitambua jibu lililokaririwa, na kwa vyovyote vile ugonjwa tunaojaribu kuuponya ni huo huo wa kukariri.

Gharama ni ndogo. Faili ya sauti ni ya MB chache, inapakuliwa mara moja na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp, na asiye na simu janja husikiliza siku ya kikao. Maandishi yanachapwa kurasa chache kwa pesa ndogo kwenye duka lolote la steshenari. Maandishi hayo huja na tahadhari kwamba si neno kwa neno, na inafaa kuikumbuka kabla hujamsahihisha mtu kwa kuyatumia. Vipindi vya miaka iliyopita vimehifadhiwa kwa mamia, jambo linaloniruhusu kuchagua: mada ya wiki ikiwa mbali mno na watu wangu, ninachukua ya zamani inayowafaa, na hakuna anayepoteza kitu, kwani usingizi, pesa, chakula, malezi, usafiri na urafiki havipitwi na wakati.

Ninakipendekeza kwa yeyote aliyemaliza sekondari na anayeona aibu kuzungumza, mradi apate wenzake watatu au zaidi. Kikundi cha watu sita kinatosha. Kikizidi kumi, gawanyeni mezani. Sikipendekezi kwa anayeanza mwanzo, wala kwa anayetafuta sarufi iliyopangwa somo baada ya somo. Na kwa wanaotaka kuanzisha kikundi chao, nashauri waanze na mada za chakula na za kazi kwa majuma ya mwanzo, kwa sababu kila mtu anazo habari zake na hakuna anayehitaji kusoma chochote ili awe na la kusema, halafu siasa za dunia, tabianchi na akili mnemba waziache hadi wazoeane. Kiongozi awe wa zamu, na asiwe daima yule anayejua Kiingereza zaidi, maana kwetu vikao vilivyochangamka zaidi viliongozwa na watu ambao wenyewe walikuwa bado wanatafuta maneno, wakauliza maswali mafupi, na kusubiri jibu kwa subira.